Tupeane uzoefu: nyumba ya kuuza, jikoni uweke nini na uache nini?

Binti Bububu
Assalaam alaykum wadau. Nyumba ya marehemu mzee wetu hapa Bububu tunaiuza, warithi wote tumeridhia, na kabla ya kuitangaza tunaitengeneza. Paa na rangi havina neno, fundi keshaanza. Mzozo uko jikoni. Kaka yetu aliyeko Maskati, Oman, anataka jiko la kuzama kwenye meza ya marumaru, oveni ya ukutani, feni ya kuvuta moshi na friji ya milango miwili, vyote rangi ya fedha, na yuko tayari kuvitia kwenye kontena. Dada zangu wanasema jiko la kawaida la gesi linatosha, basi. Mie niko katikati, na pesa ni za mirathi, si za kuchezea. Aliyewahi kuuza au kununua nyumba Unguja au Pemba atwambie aliyoyaona kwa macho yake. Ya YouTube tumeshayatazama.

Dalali wa Mlandege
Wa alaykum salaam. Kwanza jua nani atakuja kununua. Nyumba ya Bububu haendi kuichukua mzungu. Mgeni hamiliki ardhi hapa, akitaka chake anaelekezwa kwenye fleti za miradi iliyoidhinishwa kama ile ya Fumba. Mteja wako ni Mzanzibari wa hapa hapa, au aliyeko Uarabuni au Uingereza anayemnunulia mama yake. Sasa wanaume wakija wanaangalia hati, nyufa na mipaka na jirani. Mwanamke anapitiliza jikoni, anafungua bomba aone maji yanatoka kwa nguvu gani, halafu anauliza friza itakaa wapi.

Kuna nyumba ya Mbweni niliyoiuza, mwenyewe katia oveni ya ukutani mpya, nailoni hata haijabanduliwa. Mteja akamwita mkewe aje aone raha. Yule bibi akafungua mlango wa oveni, akaingiza viganja viwili kupima upana, akageuka: "Sasa sinia la kuku linaingiaje humu?" Oveni za kujengea kwa nje ni sentimita 60, ukitoa kuta zake ndani hupati hata 50. Yeye kwake anatumia lile jiko la kusimama la sentimita 90, pleti tano juu na oveni chini inayomeza sinia zima. Nyumba waliinunua, lakini ile oveni mwenye nyumba aliambiwa aondoke nayo, na kabati lililobaki na tundu wakalikatia bei.

Mama wa Jang'ombe
Huyo bibi nampa mkono. Na mkate wa kumimina je? Kuna vitu vinataka moto wa mkaa juu na chini, oveni haina lake hapo. Mie nikiona nyumba haina kibanda cha jiko nyuma naona kama haijamalizwa.

Fundi Nyaya
Binti Bububu, kabla kaka yako hajapakia kontena. Umeme wa Oman ni volti 240 na hezi 50, plagi yao ya pini tatu za mraba kama yetu. Vya Dubai vilevile vinaingia bila shida. Kasheshe ni vya Saudia, kule ni hezi 60, na vya Japani ambavyo ni volti 100. Zile friji za kontena la Japani bei yake inavutia, unapewa na transfoma uiweke pembeni. Kwa nyumba yako mwenyewe sawa, unajua cha kufanya. Kwa nyumba ya kuuza usiweke kabisa kitu cha transfoma. Siku mgeni wa mwenye nyumba mpya atakapochomeka friji moja kwa moja ukutani, imekufa, na simu ya kwanza itakuja kwako.

La pili, pesa ya oveni ipeleke kwenye nyaya. Soketi ya kawaida mwisho wake ni ampia 13, yaani kilowati 3 hivi. Birika peke yake linaweza kula mbili na ushei. Nyumba za zamani ninazozifungua huko Bububu na Kibweni, jikoni unakuta soketi moja, nyengine ni za ekstensheni iliyopita nyuma ya kabati, na waya wa ethi (wa ardhini) haujafika popote. Vuta waya mzito wa jiko peke yake kutoka kwenye bodi, utie breka yake ya ampia 32. Weka soketi ya friji na ya friza, kila moja pahala pake, mbali na sinki. Hata kama jiko lenyewe huliweki, mnunuzi mwenye akili anakuja na fundi wake, na fundi yule ataliona hilo kabla ya marumaru yako.

Indaksheni, lile jiko la umeme la kioo linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, uiache. Inapendeza, lakini sufuria za alumini haizitambui, na sijaona nyumba hapa Unguja isiyokuwa na sufuria za alumini.

Kijana wa Fuoni
Fundi unatisha watu. Mie natumia indaksheni ya pleti moja ya kuchomeka tu, chai na mayai mpaka raha, na unit za umeme za Tukuza haziishi kama watu wanavyodai.

Fundi Nyaya
Ya kuchomeka sikatai, ukihama unaibeba kwapani. Nazungumzia ile inayokatiwa tundu kwenye marumaru.

Mzee wa Kikwajuni
Vijana hamkuyaona. Mwaka 2008 umeme wa kutoka Bara ulikatika tukakaa karibu mwezi mzima gizani, na mwisho wa 2009 tena, safari hiyo kama miezi mitatu. Mama mkwe wangu alikuwa na jiko la umeme tupu. Tangu hapo nyumba yoyote akiingia anauliza pa kuweka seredani, jiko la mkaa, kabla hajauliza vyumba vingapi. Na wanunuzi wa umri wetu wote ndivyo tulivyo.

Mpemba wa Wete
Sie mwaka ule tulikuwa na majenereta yetu, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulifika Pemba 2010, kwa hivyo adha hiyo ilikuwa yenu. Lakini Mzee kasema kweli kuhusu seredani.

Mie niliuza nyumba ya Wete jikoni sikuweka chombo hata kimoja. Nilifanya hivi: meza ndefu ya zege yenye vigae, sinki la bakuli mbili, pahala pa wazi pa jiko pana sentimita 95 ili hata lile kubwa liingie, na kabati za chini bila milango ya bei mbaya. Nyuma nikaezeka jiko la nje, nikalitia bomba na taa. Watu wakija nawaambia jiko lako unalo, friji yako unayo, kwa nini ununue zangu? Kwetu mtu anahama na friza yake ikiwa na samaki ndani. Nikangoja msimu wa karafuu, watu waliposhalipwa, nikaitangaza. Haikukaa.

Ila nasema kweli, aliyekuja kutoka Dar aliiona nyumba tupu akasema haijakwisha. Wa mji na wa shamba hawaangalii kitu kimoja.

Ummu wa Nungwi
Hamjagusa chumvi. Huku kwetu upepo wa bahari unakula kila kitu. Rangi ya fedha anayoitaka kaka yako ndiyo ya kuangalia sana. Stenlisi (hicho chuma cha rangi ya fedha) zipo aina nyingi, ila mbili ndizo za kawaida madukani: 304 na 430. Hiyo 430 ni rahisi, na karibu na bahari inatoa madoa ya kutu kama mtu kamwagia chai. Chukua sumaku ndogo ya mlango wa friji uende nayo dukani. Ikinasa kwa nguvu, hiyo ni 430 au ndugu yake. 304 kwa kawaida hainasi. Muuzaji mmoja mjini aliniapia kuwa sinki lake ni 304, nikatoa sumaku kwenye mkoba ikaganda pale pale mbele yake. Akaniambia sumaku yangu kali.

Angalia pia miguu ya friji na kona za chini za jiko, huko ndiko kutu inakoanzia kwa sababu ya maji ya kudekia. Mteja wa pwani anainama kutazama hapo.

Darajani Mitumba
Kwani mtu akiweka vya mtumba vya Dubai vizuri vilivyosafishwa, dhambi gani? Nusu bei.

Dalali wa Mlandege
Si dhambi, ila useme. Mnunuzi akiuliza risiti na warantii ukababaika, anaanza kutilia shaka na hati ya nyumba. Kipya cha bei ya kati chenye karatasi zake kinakusaidia kuliko kikubwa cha mtumba.

Wa Mji Mkongwe
Naongeza la kwetu, ingawa Binti Bububu halimhusu. Nyumba za ndani ya Mji Mkongwe, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, hutoboi ukuta wa nje kienyeji ili upitishe bomba la feni ya moshi. Ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe inahitajika, na ukuta wenyewe ni wa mawe na chokaa, mnene kama nusu mita. Kwa hivyo watu wanaweka zile feni zinazovuta moshi, zinauchuja kwa mkaa na kuurudisha ndani. Mafuta zinanasa, harufu ya changu wa kukaanga zinapunguza kidogo tu, na kichujio cha mkaa kikijaa kinabadilishwa, hakioshwi. Mie niliacha dirisha la juu la zamani likafunguka vizuri, nikaweka jiko chini yake.

Binti Bububu
Shukrani sana. Nimempelekea kaka picha ya maneno ya dalali kuhusu sinia, kacheka, kakubali: oveni ya ukutani basi, atatuma jiko la 90 la kusimama. Friji hatuweki, tunaweka soketi na pahala pake. Pesa inayobaki ni ya nyaya na jiko la nje. Suali moja kwa Fundi: mtungi wa gesi niufiche ndani ya kabati chini ya meza, au nje?

Fundi Nyaya
Nje, umesimama wima, kwenye kizimba chenye matundu chini. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inajikusanya sakafuni na ndani ya kabati, haitoki kwa dirisha la juu. Pitisha bomba la shaba ukutani, mpira uwe mfupi tu pale mwisho kwenye jiko, na uwe mpya wenye tarehe iliyochapwa. Kizimba kipime kwa mtungi wa kilo 15, usipime kwa ule wa 6, maana mwenye jiko la pleti tano hatumii mdogo. Na koki ya kufungia iwe pahala mkono unafika bila kupita juu ya moto.