Msaada: kukadiria mafuta kwenye miamba ya kerojeni, bonde la Piceance, Colorado

Mwambatope: Wakuu, nina zoezi la eneo la km² 8, tabaka la Mahogany, unene m 30, wastani wa galoni 25 za mafuta kwa tani kwa kipimo cha Fischer (kupasha mwamba joto maabara kuona unatoa mafuta kiasi gani). Nimetumia msongamano 2.65 (tani kwa mita ya ujazo), nikapata mapipa milioni 417. Niko sawa?

Kerojeni: Hapana, mkuu. Kerojeni, yaani mata ya kikaboni ndani ya mwamba inayotoa mafuta ikipashwa joto, ni nyepesi, inakaribia maji, kwa hiyo mwamba ukizidi utajiri uzito unashuka. Kwa galoni 25 weka kama 2.2. Galoni 1 kwa tani ya Kimarekani ni lita 4.17 kwa tani ya metriki, hivyo una lita 104. Eneo × unene × 2.2 × 0.104, kisha zidisha mita za ujazo kwa 6.29 kupata mapipa. Inatoka karibu milioni 346. Hiyo 2.65 imekupa milioni 70 za hewa.

Na huo wastani umeupataje? Ukiwa na m 3 za lita 120 kwa tani (msongamano 2.15) na m 6 za lita 50 (msongamano 2.4), wastani ni 72, si 85. Pima kwa unene na msongamano.

Sampuli_Safi: Angalia pia sampuli zenyewe. Fischer ni gramu 100 zilizosagwa chini ya mm 2.4, joto linapandishwa nyuzi 12 kwa dakika hadi 500, linashikiliwa dakika 40. Gesi haipimwi, inaingizwa pamoja na upotevu. Kule chini kwenye nakoliti (chumvi ya bikaboneti ya sodiamu), maji na "gesi na upotevu" vinapanda kwa sababu chumvi hiyo inaachia maji na kaboni dayoksaidi, basi usiseme ni kerojeni. Kokoto za uchorongaji (vipande vinavyotolewa na keekee) zikichanganyika na za juu zinasawazisha matabaka, tajiri linaonekana maskini. Tumia kori (mche mzima wa mwamba uliokatwa kisimani), na vipande vilivyopotea usivijaze kwa wastani wa jirani.

Mwambatope: Kwa hiyo niandike "akiba milioni 346"?

Kerojeni: Andika "mafuta yaliyomo ardhini". Akiba ni kile kinachochimbika kwa faida, na Piceance hakuna anayezalisha mafuta ya kerojeni kibiashara. USGS (shirika la jiolojia la Marekani) wenyewe walikadiria kama mapipa trilioni 1.5 yaliyomo bondeni, ila ukihesabu miamba ya galoni 15 kwa tani au zaidi tu yanabaki kama bilioni 920, na kwenye 25 kama bilioni 350. Kwa hiyo taja kikomo chako cha ubora pembeni ya namba. Visima vingapi?

Mwambatope: Vitatu.

Sampuli_Safi: Kwa km² 8? Toa kiwango cha chini na cha juu, si namba moja.