Kikundi chetu Makorora: tujenge tanuri la kuchoma taka au tuanze mboji?

MamaGenge_Tanga
Wakuu, habari za jioni na poleni na joto. Sisi ni kikundi cha akina mama wenye vibanda vya chakula na magenge hapa Makorora. Taka zetu ni zilezile kila siku: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, makumbi, mchicha ulionyauka, vichwa vya samaki, na machungwa ya Muheza yakifika ndiyo usiseme. Gari la taka linakuja likijisikia.

Sasa kuna fundi katuletea mchoro wa tanuri la matofali la kuchomea taka, na nusu ya wanachama wameshamkubali. Mimi natamani tufanye mboji, yaani tuzigeuze taka hizi kuwa mbolea, maana nyuma ya nyumba ya mwenzetu kuna uwanja. Wanaonipinga wanasema itanuka, itachukua muda mrefu, halafu nani atanunua udongo? Kikao ni Jumamosi. Nipeni maneno ya kusema. Natanguliza shukrani.

Mkulima_Pongwe
Dada, hilo tanuri mtaliwasha kwa kuni za nani? Zaidi ya robo tatu ya ganda bichi la ndizi ni maji. Kabla halijashika moto lazima maji yote yatoke, kwa hiyo mtakuwa mnanunua kuni za kukaushia maganda. Kitakachowaka vizuri humo ni plastiki, na plastiki kwenye moto hafifu wa matofali inatoa moshi wenye sumu, dioksini ikiwemo, pembeni ya masufuria yenu ya wali. Mwambieni fundi aje kikaoni awashe ndoo moja ya machicha mabichi bila kuongeza kuni wala mafuta ya taa. Mkutano utaisha mapema.

Abuu_Chumbageni
Na msidhani zikifika dampo ndiyo zimekwisha. Taka za chakula zikifukiwa zikakosa hewa zinatoa methani, gesi inayopasha dunia joto kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Pale Hale, Korogwe, kwenye shamba la mkonge, gesi hiyohiyo waliifanya mali. Kwenye jani la mkonge singa, yaani nyuzi zake, ni kama asilimia 4 tu, yaliyobaki ni mabaki, wakajenga mtambo wa kuyageuza gesi ya kuzalisha umeme. Lakini ule ni mtambo uliofungwa. Lundo lenu nyie linataka hewa.

BibiShamba
Mwanangu, hao wenzio wa harufu wana haki, maana wengi wanarundika maganda matupu halafu wanaita mboji. Huo ni uozo. Siri iko kwenye vikavu. Kila ndoo moja ya taka mbichi weka ndoo mbili za vikavu: majani ya mwembe, nyasi kavu, makumbi yaliyochambuliwa. Kumbi zima usilitie, utalikuta vilevile mwakani. Vifuu pia weka pembeni, hivyo ni vya kuchomea mkaa.

Lundo lisipungue mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, likiwa dogo halipati joto. Chomeka kipande cha nondo katikati, kiache dakika chache, kichomoe ukishike. Kikikuunguza mpaka unakiachia, lundo linafanya kazi. Joto likipita nyuzi 55 likakaa hivyo siku kadhaa, mbegu za magugu na vijidudu vingi vinakufa. Kikiwa vuguvugu tu, pindua, ya nje yaingie ndani. Fanya hivyo kila wiki kwa mwezi mzima wa mwanzo. Maji nayo: kamata konzi ukamue. Tone moja au mawili, sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Yasipotoka kabisa, nyunyiza.

Masika ezekeni makuti au funikeni turubai, mvua ya Tanga unaijua. Vichwa vya samaki acheni kwanza. Mkivitia mtalisha kunguru wa mji mzima, na paka juu yake.

Kuhusu muda, mkipindua vizuri miezi mitatu minne inatosha. Ikiiva inakuwa nyeusi, inanukia kama shamba baada ya mvua, na huoni tena ganda wala jani.

Mzee_wa_Donge
Naunga mkono, ila msiwadanganye watu kwamba gari la taka hamtalihitaji tena. Pampasi, chupa, vile vifungashio vyembamba vilivyobaki baada ya mifuko kupigwa marufuku Juni 2019, vyote bado vinaenda dampo. Na ndiyo vinavyoua mboji. Kipande cha chupa kikimkata mkulima mkono, hamumwoni tena. Kinondoni walijenga kiwanda cha mboji Mabwepande wakishirikiana na jiji la Hamburg, wanachukua taka za masokoni, na hata huko kutenganisha ndiyo kazi yenyewe. Wekeni ndoo mbili kila kibanda kuanzia siku ya kwanza. Atakayechanganya, mrudishieni ndoo yake kama ilivyo, achambue mwenyewe.

Mkulima_Pongwe
Soko lipo. Udongo wetu huku pwani ni mchanga, ukimwagilia asubuhi jioni pamekauka. Mboji inashika maji. Wenye bustani za mchicha na wauza miche wananunua, lakini wataanza na kiroba kimoja cha majaribio. Msimu wa kwanza msihesabu faida, hesabuni mzigo uliopungua kwenye gari la taka.

MamaGenge_Tanga
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Bibi, shikamoo. Hilo la nondo nitalisema kikaoni kama lilivyo. Tatizo langu ni vikavu, kwetu miti michache. Kuna seremala jirani anatupa maranda kila siku, yanafaa?

BibiShamba
Marahaba mwanangu. Yanafaa, ila tabaka jembamba, yakirundikana yanaziba hewa. Muulize kwanza ametumia mbao gani. Za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa usichukue maranda yake, wala ya mbao zilizopakwa rangi. Mwambie akutengee ya mbao zisizo na dawa wala rangi kwenye gunia lake peke yake.