Kipima gesi kinasoma CO -26, nishushe vijana duarani?

mzee_wa_duara: Wakuu, salama? Tuna duara (shimo la mgodi) lenye kina cha mita 40 huku Geita na kipima gesi cha mkononi, kile cha gesi nne. Wiki nzima kila asubuhi nikikiwasha stoo kinalia, CO (kaboni monoksidi, gesi ya sumu) 28, na hakuna jenereta wala jiko la mkaa. Kijana mmoja akanionyesha pa kubonyeza kurudisha sifuri, kelele zikaisha. Leo nimekitoa nje, kinasoma -26! Jana jioni tumelipua miamba chini. Kina miaka miwili na nusu. Sensa (kile kihisi cha gesi ndani yake) imekufa?

fundi_vipimo: Usishushe mtu. Kwa hali hiyo, chini kukiwa na CO 50 kioo kitakuandikia 24 na kengele italala. Stoo mnachaji nini?

mzee_wa_duara: Betri mbili za lori, usiku kucha.

fundi_vipimo: Basi tumeshampata mchawi. Betri za asidi zikichajiwa hutoa hidrojeni. Sensa ya CO huichoma gesi kikemikali kwenye elektrodi yake, kisha inapima umeme kidogo unaozaliwa hapo. Hidrojeni nayo huchomeka palepale, na sensa haijui nani ni nani. (Sanitaiza ya spiriti nayo huidanganya, usikifute kwayo.) Ulipobonyeza stoo umekiaminisha kuwa hewa ile ndiyo safi. Kitoe mbali na injini, namba itulie, ndipo urudishe sifuri.

boda_geita: Sisi tunakiweka kwenye ekzosi ya pikipiki, kikilia tunashuka. Mtungi wa gesi ya kupimia bei yake unaijua?

fundi_vipimo: Mkuu, ekzosi ina CO maelfu kwa maelfu, hata sensa iliyochoka italia. Swali ni je, ukiipulizia gesi ya mtungi yenye CO 100 inasoma 100? Ikisoma 60, ikalibreti (irekebishe isome sawa na mtungi). Ikigoma, nunua nyingine. Nyingi huishi miaka miwili hadi mitatu, hata zikikaa kabatini, kwa hiyo ya mzee iko ukingoni. Na masizi ya ekzosi yanaziba kichujio.

mzee_wa_duara: Nimesogea upande upepo unakotoka, nikasubiri, nikabonyeza. CO 0, oksijeni 20.9. Chaja nimeihamishia kibandani. Mtungi naazima kwa jirani kesho asubuhi. Vijana wamenuna, nimewapeleka kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe).