Nimeomba nikosolewe kibonzo changu, wawili wamenipa majibu yanayopingana. Nimfuate nani?

Mkono wa Wino

Habari zenu wakuu.

Nachora hadithi ya vibonzo. Ukurasa wa kwanza penseli imekamilika, nataka kuanza kupitisha wino. Kabla sijagusa kalamu nikawaonyesha watu wawili ninaowaheshimu, wote mikono yao imekomaa kuliko wangu. Wa kwanza kasema ukurasa umejaa mno, nipunguze mandhari. Wa pili kasema mandhari haitoshi, hajui hata wahusika wapo wapi. Ukurasa ni ule ule! Halafu yule wa kwanza akamalizia na "rudi kwenye anatomia kwanza", basi. Hakusema mkono upi wala mguu upi.

Picha inagoma kupanda humu, naieleza tu. Fremu 6. Ya 1: dada kasimama mlangoni kwa kaka yake, nyuma nimeacha nyeupe. Ya 2: kaka kafungua, yeye yupo kushoto, dada kulia. Ya 3: wanabishana sebuleni, dada kushoto, kaka kulia. Ya 4: uso wa dada kwa karibu, nyuma yake rafu ya vitabu niliyoichora kitabu kwa kitabu (najivunia sana hiyo rafu). Ya 5: bahasha mezani. Ya 6: kaka kageukia dirishani.

La pili. Kuna kijana kanitumia kurasa zake nimkosoe, kasema "nipe ukweli, usinionee huruma". Hadithi yake ni vichwa viwili vinaongea mwanzo mwisho. Sitaki kumvunja moyo, na sitaki kumjibu "kali sana mkuu" kama tunavyojibiana kila siku. Naombeni ushauri kwa yote mawili.

Kifutio

Mfuate anayechora vizuri zaidi. Uzi ufungwe.

Bi Kivuli

Kifutio acha utani.

Mkono wa Wino, hao watu wako hawapingani. Wanalalamikia kitu kimoja, ila kila mmoja kakiandikia dawa yake. Soma tena maelezo yako. Fremu ya 1 ndiyo yenye kazi ya kumwambia msomaji tupo wapi, nayo umeiacha nyeupe. Fremu ya 4 ndiyo tunatakiwa tubaki na macho ya dada peke yake, nayo umeipa rafu nzima. Aliyesema haitoshi alikwama ya 1, aliyesema umejaa alikwama ya 4, nipo tayari kubeti. Mandhari uliyonayo huenda inatosha kabisa, imekaa tu fremu isiyo yake. Ipe fremu ya 1 mlango, ukuta, ngazi, chochote cha kututambulisha nyumba. Ya 4 futa vitabu, acha kivuli au weupe.

Ninavyopokea maoni mimi: mtu akisema amekwama mahali, namwamini moja kwa moja, kwa sababu kukwama ni kwake na hakuna wa kumbishia. Akisema nirekebisheje, hapo nasikiliza kwa sikio moja. Dawa anaikisia kwa mkono wake yeye, na mimi nina wangu. Kwa hiyo rudi kwao, uliza "macho yako yalisita fremu ipi?" Ukiuliza "unaonaje?" utajibiwa ama "kali" ama "anatomia".

Halafu mpe ukurasa mtu asiyechora kabisa. Asome, akusimulie kilichotokea, na wewe ufunge mdomo. Akisema kaka ndiye kaleta bahasha wakati aliyeileta ni dada, umepata kitu ambacho wachoraji wenzako wangekipita maana wao wanahesabu vidole.

Penseli HB

Nakubaliana na Bi Kivuli nusu. Hilo la msomaji kukwama linafaa kwa usimulizi. Umbo la mwili ni habari nyingine. Bega lililokaa vibaya limekaa vibaya hata kama msomaji amepita bila kusita; atahisi kuna kitu hakijatulia na hatajua ni nini. Hapo msomaji wa kawaida hakusaidii, unahitaji mchoraji, tena asiyekuogopa.

Ila huyo mchoraji ataje kiungo. "Fremu ya 3, kiwiko cha kulia cha kaka kimeshuka hadi kwenye nyonga, ukiunyoosha huo mkono vidole vitafika magotini." Maoni ya namna hiyo unayafanyia kazi leo leo. "Rudi kwenye anatomia" ni kazi ya miaka, haifanyiki kati ya penseli na wino. Mtake radhi kwa usumbufu, muombe akutajie sehemu mbili tu.

Wakati unamsubiri, geuza ukurasa kama unautazama kwenye kioo. Kwenye Krita (programu ya kuchorea ya kompyuta) unabonyeza M, kwenye karatasi unauinua kwenye mwanga ukautazama kwa nyuma. Uso uliopinda utauona papo hapo, jicho lako lilikuwa limeshauzoea.

Mkono wa Wino

Bi Kivuli wewe ni mganga au? Nimewauliza. Mmoja kajibu "ya 4, sikujua niangalie uso au vitabu". Mwingine: "ya 1, halafu ya 3 ilibidi nirudi nyuma nisome upya". Hiyo ya 3 sasa ndiyo siielewi. Mandhari ipo, kochi lipo, pazia lipo.

Mzee wa Fremu

Ya 3 jibu umeliandika mwenyewe hapo juu. Fremu ya 2 kaka yupo kushoto, fremu ya 3 ghafla yupo kulia. Umevuka mstari. Watu wa filamu wana kanuni yao ya nyuzi 180: unafikiria mstari unaowaunganisha wanaozungumza, kamera inabaki upande mmoja wa huo mstari. Kwenye vibonzo ni muhimu vile vile, hasa ukiwa bado hujaweka rangi wala weusi, kwa sababu msomaji anayepita haraka anamtambua mtu kwa upande aliokaa kabla hajaichunguza sura. Ukiwabadilishia nafasi, anadhani kaingia mtu wa tatu. Kuvuka unaruhusiwa, ila muonyeshe mmoja wao akitembea, au weka katikati fremu ya kutazama kutoka juu.

Nakuuliza na hili: nani anaanza kuongea hapo? Kama ni kaka, na yupo kulia, kiputo chake cha maneno utakipandisha juu sana lakini bado jicho litaanzia kushoto, kwa dada. Jibu litasomwa kabla ya swali. Mrudishe kaka kushoto, utakuwa umetibu yote mawili kwa mpigo. (Kama unachora kwa mpangilio wa manga, unaosomwa kulia kwenda kushoto, pindua niliyosema kuhusu viputo.)

Tena, wengi mnaomba maoni muda si wake. Mambo ya nani akae wapi yaombewe maoni kwenye vile vichoro vidogo vya mwanzo, vya ukubwa wa kiganja. Pale kumhamisha kaka ni dakika mbili. Kwenye penseli iliyokamilika ni jioni nzima. Kwenye wino mtu hasikii tena, anajitetea tu. Ukishafika kwenye wino omba maoni ya wino: unene wa mistari, weusi umeelemea wapi, kuna mistari inayogusana vibaya (ukingo wa kochi unaoishia sawasawa na kidevu cha mtu, mfano).

Na uwaonyeshe kwa ukubwa ambao msomaji atauona. Ukichora kwenye bodi ya inchi 11 kwa 17, na kitabu cha kawaida cha Marekani ni kama inchi 6.6 kwa 10.2, mchoro unapungua kwa theluthi au zaidi. Rafu yako ingegeuka ukungu. Kama ni ya kusoma kwa kuteremka kwenye simu, basi watumie simuni, wasikosoe kwenye skrini kubwa huku wamekuza kope.

Kifutio

Sasa nauliza kweli, sitanii. Mimi maneno yananishinda. Mtu akiniletea kazi nafungua leya mpya (tabaka tupu juu ya mchoro wake), nachukua nyekundu, nachora juu yake namuonyesha mkono ulivyotakiwa. Kuna aliyenuna hadi leo. Kosa liko wapi?

Penseli HB

Uliomba ruhusa? Wengine wanashukuru, wengine wanaona umeingia chumbani kwao bila hodi. Na chora mifupa tu: uti wa mgongo, mstari wa mabega, upeo wa macho. Ukifika kwenye nywele na mikunjo ya shati umeacha kukosoa, unachora ukurasa wako kwa wazo la mwenzio.

Mkono wa Wino

Haya, na kijana je? Ananisubiri.

Bi Kivuli

Kijana muulize kwanza kurasa zipo hatua gani na anataka uangalie nini. "Nipe ukweli" ni maneno mapana. Kama ameshapitisha wino na anazitoa kesho, hakuna faida ya kumwambia abadilishe fremu.

Kisha msimulie hadithi yake jinsi ulivyoielewa wewe. Hapo hapo ataona palipovuja bila wewe kutaja kosa. Sema pia kilichokubeba, tena kwa namba ya fremu. Hiyo siyo sukari ya kumezea dawa; asipojua kipi kinafanya kazi, atakifuta akiwa anarekebisha vingine.

Kuhusu vichwa kuongea, neno "inachosha" halimsaidii. Mchoraji wa Marekani Wally Wood alijikusanyia fremu 22 za kumtoa kwenye shida hiyo hiyo, pale mwandishi anapowaacha wahusika wanapiga soga kurasa kwa kurasa: kisogo kimoja, kivuli kilichotupwa ukutani, kitu kimoja kikubwa mbele, taswira kwenye kioo, uso nusu. Chagua mbili zinazoifaa hadithi yake. Ukimshushia makosa ishirini atarekebisha lile jepesi kuliko yote, mengine atayaacha.

Mimi ningemwandikia hivi: "Nimeelewa kwamba mama anajua siri tangu mwanzo ila hasemi. Fremu ya 5, pale anapokwepa macho, imenishika. Ukurasa wa 2 nilianza kuruka viputo, kuanzia fremu ya 3, kwa sababu nyuso zote mbili zilikuwa na ukubwa ule ule. Je, ukimpa mama kisogo kwenye ya 4, au ukatuonyesha mikono yake tu? Wewe ndiye unayejua anachoficha."

Akikujibu kwa kukueleza alichokusudia, usibishane naye. Muulize kama hicho anachokueleza kinaonekana kwenye karatasi.

Mkono wa Wino

Nimenakili, nabadilisha majina namtumia. Kaka nimeshamrudisha kushoto. Mzee wa Fremu, mkia wa kiputo unatakiwa ufike hadi mdomoni?

Mzee wa Fremu

Uelekee mdomoni, usifike. Ukate kwenye nusu ya njia au kidogo zaidi, kati ya kiputo na kichwa. Na rafu usiitupe, nadhani fremu ya 6 ina nafasi upande wa dirisha.