Picha za mirunda na maghorofa yanayojengwa zinatoka kama kichaka, tatizo nini?

Kona_ya_Mtaa:
Wakuu, habari zenu. Napiga picha za ujenzi Kariakoo: maghorofa yenye majukwaa ya mirunda (ile miti mirefu ya kujengea), neti za kijani, mafundi wakimwaga zege. Miti inarundikana hadi haieleweki, jengo linaonekana kulalia nyuma, na neti inatoa mistari ya mawimbi ambayo kwa macho haipo. Lenzi ni zumu ya 18–55 mm, mara nyingine simu. Nianzie wapi?

Fremu_Moja:
Anza na saa, mkuu, lenzi inatosha. Saa sita mchana jua la Dar liko juu sana, na mwezi wa 10 linapita utosini kabisa, kwa hiyo miti yote inakuwa rangi moja. Piga kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni, jua likiwa ubavuni mwako. Kila mrunda unapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na unaona hadi gome lililobanduka na kamba ilivyozungushwa kwenye fundo. Halafu achana na jengo zima. Chagua kona moja ya jukwaa yenye ukuta mtupu nyuma yake. Nyuma kukiwa na anga, pima mwanga kwenye miti yenyewe, la sivyo inatoka nyeusi tii.

Mstari_Wima:
Jengo linalala kwa sababu unainua kamera kutafuta juu. Kamera ikisimama wima, kuta zinasimama. Rudi nyuma, au omba kupanda ghorofa la ng'ambo hadi usawa wa katikati ya jengo unalopiga. Ukitaka kunyoosha baadaye kwenye programu, acha nafasi pembeni, maana kunyoosha kunakula kona.

Mawimbi yanatokea pale matundu ya neti, yakishafika kwenye kihisio (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), yanapokaribiana na ukubwa wa pikseli. Sogea hatua chache au badili zumu kidogo. Kufunga tundu la lenzi liwe dogo, hadi f/16, nako kunapunguza, ila picha inalainika. Kwanza ikuze hadi 100%: pengine mawimbi yapo kwenye skrini tu, kwenye picha hayapo.

Karai_Juu:
Kwenye zege, kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde inagandisha karai likiwa hewani kati ya vibarua wawili, na 1/30 inaonyesha mwendo wa mikono. Kwenye simu, zima HDR, maana inaunganisha picha kadhaa na mtu anayetembea anatoka na kivuli cha pili. Usibadilishe lenzi saiti. Vumbi la saruji lipulize kwa pampu ya mkono kabla ya kufuta, ukianza na kitambaa unakwaruza kioo.

Ruhusa iombe kwa msimamizi siku moja kabla. Siku yenyewe hana muda na wewe, zege halilali.

Chini ya slabu mbichi (sakafu ya zege ambayo haijakomaa) ndipo penye picha nzuri kuliko zote, mirunda imesimama kama msitu. Piga ukiwa nje. Usiegemee hata mmoja: umekazwa kwa kabari, ukilegea mzigo wake unahamia kwa jirani.

Kona_ya_Mtaa:
Shukrani wakuu. Huo msitu unakaa muda gani?

Karai_Juu:
Mara nyingi wiki 2 hadi 4, kutegemea upana wa slabu na maelekezo ya mhandisi. Muulize msimamizi siku ya kufungua mbao zilizoshikilia zege, ufike kabla hawajatoa mrunda wa kwanza.