Naombeni ushauri: wahusika wangu wanaongea mno

Wakuu, naandika skripti yangu ya kwanza na kila anayeisoma analalamika kwamba wahusika wanaropoka sana. Juzi nimerudia kutazama filamu ya The Apartment (1960) ya Billy Wilder, aliyoiandika na I.A.L. Diamond. Kuna kile kioo kidogo cha poda kilichopasuka. Baxter, karani anayemwazima bosi wake nyumba ya kukutania na kimada, alikikuta nyumbani kwake, akamrudishia bosi. Baadaye, sherehe ya Krismasi ofisini, Fran, msichana ambaye Baxter anampenda, anamwazima kioo hichohicho ajitazame na kofia yake mpya. Baxter anaona ufa tu, kashajua kwamba Fran ndiye kimada wa bosi! Hakuna aliyemweleza. Mimi hapo ningejaza kurasa tatu za kufokeana.

Sasa nyie wazoefu, kitu kama kile mnakipandaje mapema bila mtazamaji kushtukia? Mnaanzia mwisho mkirudi nyuma, au kinajitokeza chenyewe mkiandika?