Tupeane uzoefu: ni utafiti gani ulikufanya uache au upunguze dawa uliyoizoea?

Mwanzisha mada (tabibu, wagonjwa wa nje): Naanza na aspirini. Utafiti wa ASPREE, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wazee 19,114 wa Australia na Marekani ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Miligramu 100 za aspirini kila siku hazikuwaongezea muda wa kuishi bila ulemavu, ilhali visa vya kuvuja damu kwa wingi viliongezeka. Kutowaandikia wagonjwa wapya kulikuwa kwepesi. Kazi ilikuwa kwa wazee walioimeza miaka mingi wakiamini kwamba ndiyo iliyowafikisha hapo, na ambao wakiambiwa waiache huona kana kwamba wametelekezwa. Siku hizi huuliza kwanza kama mgonjwa amewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, kwa kuwa aliyepata ana sababu nyingine kabisa ya kuitumia na asiiache kwa kusikia habari hizi. Kwa wengine hueleza hatari ya kuvuja damu tumboni, kisha huwapa muda wa kufikiri.

Mfamasia: Kwangu ni swali la dawa za shinikizo la damu: asubuhi au usiku? Utafiti wa TIME wa Uingereza (2022), wenye washiriki zaidi ya 21,000, haukuona tofauti. Humshauri mgonjwa achague saa ambayo hataisahau.

Muuguzi, kliniki ya watoto: Utafiti wa CAP-IT wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba, kwa watoto wenye nimonia isiyo kali, amoksisilini ya siku 3 haikuwa duni kuliko ya siku 7, ingawa kikohozi kilichelewa kidogo kwisha. Hilo la kikohozi ndilo ninalolisisitiza kwa wazazi, kwa maana asiyeambiwa mapema hurudi akidai dawa nyingine. Ninawaeleza pia dalili za kumrudisha mtoto haraka: kupumua kwa kasi, kifua kubonyea ndani, au kushindwa kunyonya.

Mzazi: Dada muuguzi, nashukuru. Mwanangu alipopewa dozi fupi sikuelezwa lolote, nikadhani dawa zimepungua kituoni. Je, mtoto aliyelazwa kwa nimonia kali naye hupewa siku 3?

Muuguzi, kliniki ya watoto: Hapana, mama. Huyo hufuata maelekezo ya daktari anayemtibu wodini.